Mafundi cherehani wa Whitechapel na zile shifti zangu tatu

Nianze na aibu ndio nipumue. Disemba 2022 ajensi inayonipa kazi hapa London ilinipigia saa kumi na moja alfajiri, kuna shifti tatu za usafi mahali fulani, malipo mara moja na nusu, naenda ama siendi. Mi nani nikatae, kodi ya chumba ilikua imeshanikalia shingoni. Nikaenda. Getini nikakuta watu wamesimama kwenye baridi, makoti juu ya yunifomu, mabango mkononi, wengi wao weusi wenzangu, na mama mmoja wa makamo akanitazama, hakutukana wala hakupiga kelele, akasema tu "hata wewe?" Nikapita. Naapa nilikua sijui kama kuna mgomo. Lakini siku ya pili nilikua najua na nikaenda, na ya tatu pia nikaenda. Pesa iliingia Ijumaa, Jumamosi ilishakwisha.

Sasa hii makala si ya mimi, ni ya mafundi cherehani waliokaa mtaa huuhuu ninaokaa miaka mia na kitu iliyopita, ila nimeona niseme mapema nimewajuaje na kwa nini wamenikaa kichwani hivi, manake ningekua msafi ningewasoma kama hadithi tu nikafunga kitabu.

Kuna kichochoro kando ya Whitechapel Gallery kinaitwa Angel Alley, chembamba, ukiwa na haraka ya kwenda stesheni unakipita bila kukiona. Ndani kuna duka la vitabu la waanakisti, watu wasiotaka serikali (nitawaeleza mbele). Jumba lao la uchapaji lilianza 1886, na 2013 mtu alilirushia moto duka usiku na wakasafisha wakafungua tena. Niliingia mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, sina sababu kubwa zaidi. Nikafunua kitabu kimoja katikati, nikakuta wanazungumzia washonaji, wakata nguo, wapiga pasi, malipo ya kipande, nikasema ngoja, hii ni nyumba yetu.

Baba yangu ni fundi cherehani. Mzaliwa wa Majengo Mombasa, akapanda Eldoret miaka ya themanini na Singer moja ya kukanyaga, akapata baraza mbele ya duka la vitambaa na mpaka leo yuko pale, tofauti ni kwamba miguu imechoka siku hizi anatumia mota. Kwetu Januari ndio vita. Yunifomu za shule, nyumba nzima inashona, mama vifungo, dada yangu matundu ya vifungo, mimi pindo, taa haizimwi, na hulipwi kwa siku unalipwa kwa kipande, kwa hio ukilala umejiibia mwenyewe. Halafu Machi baraza inanyamaza mpaka fundi anaanza kucheza bao. Kuna shule moja ilimwagiza sketi 200 ikalipa 110, zile nyingine mpaka leo ziko kwa bursa.

Whitechapel ya miaka ya 1880 ilikua Januari ya kwetu mwaka mzima, ikikatika ni njaa. Mfalme wa Urusi aliuliwa 1881, Wayahudi wakabebeshwa lawama, nyumba zao zikavunjwa na kuporwa mji baada ya mji, watu wakaanza kumiminika magharibi, wengi wakielekea Marekani na wengine wakiishia hapa East London na ushonaji wao, viatu vyao, kofia zao. Kazi ilikua kwenye vyumba, si viwanda. Chumba kimoja cha juu, mashine tatu nne, jiko la kupashia pasi linawaka hata kiangazi, mvuke, watu wanafanya masaa 14 mpaka 16, na tajiri mwenyewe wala si tajiri, ni Myahudi mwenzao aliyeshuka meli miaka michache kabla yao, naye anabanwa bei na maduka makubwa ya mjini. Wenyewe Waingereza walikiita kazi ya jasho. Na lugha yao ilikua Kiyidishi, yaani Kijerumani cha kale kilichochanganyika na Kiebrania na Kislavoni na kinaandikwa kwa herufi za Kiebrania, fikiria tu Kiswahili kilivyokua kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, wasomi wa dini wakikiona ni lugha ya jikoni.

Hapo ndipo waanakisti walipoingilia. Najua hilo neno likisikika mtu anawaza bomu. Wapo waliolipua, sikatai. Lakini hawa wa Whitechapel wazo lao lilikua kwamba mtu asiwe na bwana juu yake, si serikali si tajiri si rabi, na kwamba wafanyakazi wanaweza kujipanga wenyewe kwa hiari kama watu wanavyochangiana msiba. Mimi sikubaliani nao kwa yote (nani atazoa takataka za London bila serikali? nimeuliza, majibu ni marefu) lakini hio picha ya msiba naielewa, manake kwetu hakuna waziri aliyewahi kupanga mazishi ya mtu na bado sufuria zinapatikana.

Gazeti lao lilikua *Arbeter Fraint*, Rafiki wa Mfanyakazi, liliasisiwa 1885 na mshairi Morris Winchevsky kama gazeti la wasoshalisti wa kila aina, baadae likawa la waanakisti kabisa. Klabu yao ilikua namba 40 Berner Street. Hii klabu ukiigugo utaletewa Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake, kwa sababu usiku wa tarehe 30 Septemba 1888 msimamizi wa klabu, Louis Diemschutz, aliingia uani na mkokoteni wake wa farasi, farasi akakataa kusonga, akaangalia chini akakuta maiti ya Elizabeth Stride. Watalii wanalipa hela kutembezwa usiku kuonyeshwa mahali pale. Hawaambiwi kwamba ukutani tu hapo kulikua na watu wanajifunza kuandaa mgomo, na kwamba 1889 Diemschutz huyohuyo alifungwa miezi mitatu baada ya ghasia na polisi klabuni mwezi wa Machi, siku ile waliyoandamana na bendi mpaka Sinagogi Kuu. Walitaka kaimu Rabi Mkuu Hermann Adler atoe hotuba kuhusu wasio na kazi na wanaonyonywa kwenye vyumba vya jasho. Alikataa. Kuna maiti zinazouza tiketi na kuna jela ambazo haziuzi.

Mwaka huohuo 1889, Agosti, makuli wa bandari ya London waligoma, mgomo mkubwa ule wa kihistoria, na mafundi cherehani wa Kiyahudi kama 10,000 nao wakagoma siku zilezile wakidai siku ya kazi iwe masaa 12. Makuli, ambao wenyewe walikua wanaishi kwa michango, walitoa pauni 100 kutoka mfuko wao wakawapa mafundi. Hii kitu ishike, kuna mahali inarudi.

Sasa mtu aliyenivutia kuliko wote wala hakua Myahudi. Rudolf Rocker, Mjerumani wa Mainz, amezaliwa 1873 kwenye familia ya Kikatoliki, yatima, kazi yake kujalidi vitabu. Alikutana na waanakisti wa Kiyahudi mara ya kwanza Paris, akashangaa (alikua hajui kama kuna wafanyakazi wa Kiyahudi wa namna hii), 1895 akaja London na akajikuta Whitechapel. Pale akampata Milly Witkop, binti mshonaji kutoka Ukraine, aliyelelewa na dini mpaka kwenye mfupa na kushona kwa jasho ndiko kulikomtikisa imani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 wakapanda meli kwenda New York kutafuta maisha. Maafisa wa uhamiaji wakauliza cheti cha ndoa kiko wapi. Hatuna. Basi fungeni ndoa hapahapa mshuke. Wakakataa, wakasema mapatano yetu ni ya sisi wawili, serikali haihusiki, wakarudishwa na meli ileile. Yaani umevuka bahari, huna kazi, mji uko mbele unauona, sahihi moja tu, na unasema hapana. Mi ningesaini, nakwambia ukweli, ningesaini hata mara mbili. Lakini walikaa pamoja hadi Milly alipofariki 1955, kwa hio wale wa kusema ndoa bila cheti haidumu watafute mfano mwingine.

Waliporudi Rocker akaenda Liverpool, akapewa kuhariri kigazeti cha Kiyidishi wakati hata kuandika Kiyidishi hajui. Akajifunza herufi. Kabla 1898 haijaisha alikua mhariri wa *Arbeter Fraint*. Nimeishi na wageni wa kila taifa hapa na nimeona watu wanakuja kutusaidia sisi wahamiaji na fomu na mioyo mizuri na hakuna hata mmoja aliyejifunza kusema habari ya asubuhi. Huyu alijifunza lugha ya jikoni ya watu wasiokua na kitu, akawa anawahutubia kwayo kuhusu fasihi na falsafa usiku baada ya masaa 14 ya mashine, na Jumapili anawapeleka British Museum kwa makundi.

Niruke kidogo nyumbani manake hapa kuna kitu kilinishtua. Hao watu wa Whitechapel walikua wanachukiwa. 1901 kilianzishwa hapa Stepney chama cha British Brothers' League, kazi yake kudai wageni wazuiwe, na kilipata watu wengi tu, wakiwemo wafanyakazi maskini waliokua wanagombania vyumba na Wayahudi. Na katika hio hali, 1903, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni aliyekua ametoka kuzuru kwetu kwa reli miezi michache nyuma, akawapa viongozi wa Kizayuni ofa ya ardhi ya Wayahudi kukaa Afrika Mashariki. Kwenye vitabu inaitwa mpango wa Uganda lakini si Uganda, ni Uasin Gishu. Ni kwetu! Ni pale baraza ya baba ilipo, Eldoret, Sisibo yenyewe. Tume ya watu watatu ilipelekwa kukagua, na 1905 mkutano wao wa Basel ukakataa. Siku hazijapita nyingi, Agosti 1905, Uingereza ikapitisha sheria ya kuzuia wageni maskini wasishuke bandarini. Na Oktoba mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliokua wakipigana na Waingereza, akapigwa risasi kwenye mkutano alioitiwa wa amani. Kwa hio mtu aliyekua anashona suruali Whitechapel 1905 alikua anaambiwa huku hutakiwi, kule kuna nafasi, na kule kwenyewe walikuako watu, na hakuna aliyewauliza. Waanakisti hawakua na hamu na ofa za namna hio, wao walisema tunapigana hapahapa tulipo. Sisemi walikua wanatuwazia sisi Wakenya. Hawakutuwazia. Ila imekua hivyo.

Februari 1906 walifungua klabu kubwa Jubilee Street, ukumbi wa watu kama 800, maktaba, madarasa ya Kiingereza, na Peter Kropotkin, mwanafikra mkubwa wa waanakisti, alikuja kufungua japo moyo wake ulikua mgonjwa na daktari alishamkataza kuhutubia. Haikua lazima uwe mwanachama, unaingia unasoma unacheza chesi unapata chai.

Kuhusu dini niseme kidogo kwa sababu hapa walikosea, kwa maoni yangu, na si kidogo. Wapo kati yao waliokua wanafanya karamu na dansi siku ya Yom Kippur, siku ya toba na kufunga, siku nzito kuliko zote. 1904 kulitokea vurugu mitaa ya Brick Lane, wasoamini wanakula hadharani, waliofunga wanawarushia mawe, polisi katikati. Mimi nimekulia nyumba ya Kiislamu. Najua watu wasiofunga Ramadhani, binamu zangu wengine ni hao, lakini wanajificha na chapati zao nyuma ya nyumba, si kwa kuogopa ila kwa kuona haya ya mama. Mtu akija kula sambusa mlangoni kwa msikiti saa nane mchana hajamkomboa mtu yeyote, amemkasirisha mzee mmoja mwenye njaa. Rocker mwenyewe, na yeye hakuamini Mungu, hakupenda ule mchezo, alisema anayeamini mahali pake ni nyumba ya ibada na asiyeamini mahali pake ni mkutanoni, basi. Lile jengo la sinagogi pale Brick Lane siku hizi ni msikiti wa Wabangali, kabla lilikua kanisa, na juu ukutani kuna saa ya jua ya 1743 imeandikwa kwa Kilatini "sisi ni kivuli". Huwa naswali pale Ijumaa nikiwa sina shifti.

Haya, 1912. Mwisho wa Aprili mafundi wa West End, wale wa suti za mabwana, waligoma. Mafundi bora, mchanganyiko wa mataifa, mishahara yao afadhali. Na kazi yao ikaanza kuteremshwa kimyakimya East End, vyumba vya Wayahudi, ikashonwe huko. Unaona? Hakuna aliyewaambia ni wavunja mgomo, ni vitambaa tu vimeletwa, na mtu aliyekaa wiki mbili bila kazi haulizi kitambaa kimetoka wapi.

Rocker akauliza kwenye gazeti. Akaandika kwamba tukishona hizi nguo jina la Myahudi litakua jina la msaliti, na njia pekee ni East End yote iweke sindano chini, si kwa kuwahurumia wale bali na sisi tudai yetu. Tarehe 8 Mei watu 8,000 walijaa ukumbini Mile End na wengine maelfu wakabaki nje, na ndani ya siku mbili mafundi 13,000 walikua wamegoma. Watu ambao vyama vyao vilikua vidogovidogo vinagombana, hawana mfuko, hawana akiba. Waoka mikate wa Kiyahudi wakatoa mikate, kumbi za maigizo ya Kiyidishi zikafanya maonyesho ya kuchangisha, jiko za pamoja zikafunguliwa, gazeti likawa linatoka kila siku, Rocker halali.

Baada ya kama wiki tatu matajiri wakalegea: masaa tutapunguza, malipo tutaongeza, ila hatutakubali kuajiri wanachama wa chama peke yao. Watu walikua wamechoka na njaa. Mkutano ukaitwa Pavilion Theatre usiku wa manane baada ya mchezo kwisha, Rocker kasimama jukwaani rangi imemtoka, akawaambia uamuzi ni wenu, mkiacha sasa matajiri watawavunja mmoja mmoja. Ukumbi mzima ukasema tunaendelea. Siku ya pili matajiri wakakubali. Masaa mafupi, kazi ya kipande ikafutwa, vyumba visafishwe, na chama ndani.

Lakini makuli wa bandarini nao walikua wamegoma mwezi huohuo, na wao mambo hayakwenda. Siku zilikatika, Juni, Julai, kiongozi wao Ben Tillett amefika kuwaombesha watu dua hadharani pale Tower Hill Mungu amuue Lord Devonport mkuu wa bandari (Mungu hakujibu), na watoto wa makuli wakawa wanakonda. Na hawa makuli ndio haohao ambao miaka kumi nyuma mitaa yao ilikua imejaa watu wa British Brothers' League. Mafundi wakaenda wakawachukua watoto. Waliandikisha majina, wakagawana, zaidi ya watoto 300 wakahamia kwa familia za Kiyahudi Whitechapel, wengine walikuja miguu mitupu, wakavalishwa viatu na nguo. Kwa mafundi ambao ndio kwanza wametoka kwenye mgomo wao! Nyumba za vyumba viwili! Nimejaribu kuwaza ule usiku wa kwanza, kitoto cha Kiairishi kimekalishwa mezani kwa watu wanaozungumza lugha asiyoijua, anawekewa supu asiyoijua, mwenye nyumba anampima mabega kwa macho kama fundi yeyote. Makuli walishindwa ule mgomo. Watoto walikula.

Rocker alisimulia kwamba alikua anapita kichochoro kimoja na Milly, mzee wa Kiyahudi mwenye ndevu nyeupe akamsimamisha mlangoni kwake, akambariki kwa jina la Mungu ambaye Rocker hamuamini, akamwambia umewasaidia wanangu kwenye shida, wewe si Myahudi lakini ni mtu. Kwa Kiswahili haina haja ya maelezo.

Miaka miwili baadae ikaja vita kuu, Disemba 1914 Rocker akakamatwa kama Mjerumani, adui, akafungiwa, baadae kambini Alexandra Palace, mpaka 1918, hakurudi kuishi hapa tena. Milly naye alikamatwa 1916, gazeti likafungwa, klabu ikafa, wengi wakarudi Urusi kwa mapinduzi na huko nako yakawakuta ya kuwakuta. Watu wa East End wanapenda kusema kwamba tarehe 4 Oktoba 1936, Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, alipotaka kupitisha wafuasi wake wa mashati meusi Cable Street na makuli wakaja kujenga vizuizi bega kwa bega na Wayahudi, wengine walikua ni wale watoto wa viatu. Sijui nani aliwahesabu, ila umri unakubali.

Nilimsimulia baba yote haya Jumapili moja kwa wasap, na ya getini nikamsimulia pia, nilikua sijamwambia. Alikua anauliza maswali ya fundi tu. Walikua wanashona nini? Makoti na suti baba. Na pasi? Za chuma, wanapasha jikoni. Zile nzito, akasema, za kuvunja mkono. Nikamwambia habari ya usiku wa Pavilion akaniuliza na kodi ya wiki tatu walilipa na nini. Nikasema hawakua na kitu baba, walikula mikate ya kupewa. Akanyamaza nikadhani mtandao umekata.

"Na wewe zile siku tatu walikulipa?"

"Walinilipa."

"Zikaenda wapi?"

"Si ndio zile nilizokutumia baba. Za mota."